Nadharia Yangu ya Maembe Mabichi

Aibu hii naitoa mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Newala, maana huko nasikia bado wananicheka.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia, na utafiti wangu ulihusu huzuni ya wajane wa Makote, huko Newala. Dodoso lilikuwa la Kiswahili, ila akina mama wengi kule wanajieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, kwa hiyo msimamizi wangu akaniambia nitafsiri, kisha nitafute mtu wa huko aikague tafsiri. Nikaona ananichelewesha. Kwani baba yangu si Mmakonde? (Nimekulia Masasi mjini, Kimakonde changu ni cha kusalimia na kuombea chakula, lakini hilo sikulisema.) Nikatafsiri peke yangu, nikaenda, nikauliza, nikajaza makaratasi.

Majibu yalinishangaza, wajane karibu wote walisema hali inawazidi msimu wa maembe mabichi, basi nami nikajenga nadharia nzima kwamba embe linawakumbusha marehemu waume zao, nikaiwekea na mchoro wa rangi.

Siku ya kuwasilisha, ukumbini Masasi, walikuwepo walimu, wanafunzi wenzangu, na Mama Zainabu, mmoja wa wajane niliowahoji, ambaye nilimwalika mimi na kumkalisha mbele. Mwalimu mmoja akauliza kama nina uhakika na hayo maembe. Ningejibu tu nikaendelea, lakini kwa kiherehere changu nikamwomba Mama Zainabu athibitishe.

Akasimama taratibu. "Mwanangu, wewe ulituuliza habari za kuumwa tumbo."

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba labda amesahau. Akaniomba nilisome swali lenyewe kwa sauti, nikalisoma, na wanafunzi wa kutoka Newala waliokaa nyuma, wanaokijua Kimakonde, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Msimamizi akaniashiria nikae.

Nilijua nikikaa pale sitasimama tena mbele ya watu. Nikaomba radhi, nikazima projekta, nikachukua kalamu, nikamuuliza Mama Zainabu wao wangeuliza vipi.

"Sisi hatuulizi huzuni," akasema. "Tunauliza, siku hizi unapikia sufuria gani? Maana yupo aliyefiwa zamani, na bado anapika cha watu wawili."

Nikaandika.

Nilirudi Makote nyumba kwa nyumba, kila mlango shikamoo kwanza, halafu kuungama, halafu maswali mapya ambayo Mama Zainabu aliyapitia moja moja. (Bibi mmoja alinicheka hadi akakaa chini, ndipo akajibu, na alipojibu tulilia wote wawili.) Wenzangu walihitimu wakaniacha. Nilipowasilisha mara ya pili sikuwa na mchoro wowote, nilikuwa na maneno yao tu, na walimu wakaupitisha utafiti wangu.

Tangu hapo simuulizi mtu jambo la moyoni mwake kabla sijauliza kwao huwa linaulizwaje, hata niwe nimechelewa kiasi gani.