Tupige Window Tu

Kompyuta yangu ilikuwa ikinisumbua kwa maandishi pembeni ya kioo kwamba mfumo wake umezeeka. Nilivumilia. Nina steshenari Nachingwea, chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi, na kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kuwajazia watu mawaidha na muziki kwenye flashi za redio zao. Mfumo kuzeeka hakuzuii chochote kati ya hayo. Lakini mteja mmoja alichungulia kioo akasema, "Dada, mashine yako imepitwa na wakati," nikaudhika. Alipoondoka nikabonyeza kukubali mfumo mpya.

Ukashuka, ukajipakia, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Kisha kioo kikawa cheusi, kikabaki na mstari mmoja wa maandishi meupe ya Kiingereza, kwamba hakuna diski ya kuwashia. Nikazima, nikawasha. Mstari ukarudi. Nilirudia kwa hasira, kana kwamba mashine ingeona aibu.

Wakati mwingine ningefunga duka nikaenda kulala. Ila ndani ya diski ile kulikuwa na sauti ya marehemu baba yangu, na hitma yake ya kutimiza mwaka ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo, kwetu Mandawa. Mama alikuwa ameniomba kitu kimoja tu kwa ajili ya siku hiyo.

"Sura yake bado ninayo," aliniambia. "Sauti ndiyo inanitoka. Niletee ile ya kwenye kompyuta."

Sauti yenyewe haikuwa wosia. Siku moja, enzi za uhai wake, baba alikuja dukani kushtaki ng'ombe. Jirani yetu mfugaji, aliyehamia Mandawa na familia yake kutoka kanda ya ziwa, ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye ufuta wa baba, na baba alitaka nimwandikie barua ya kupeleka serikali ya kijiji. Baba akikasirika alichanganya Kiswahili na Kimwera, na vidole vyangu havikuweza kumfuata. Nikamrekodi ili nichape baadaye. Kabla sijachapa, jirani akamfuata baba na dumu la maziwa, wakamaliza ugomvi wenyewe. Barua haikuandikwa. Ikabaki sauti.

Fundi wa hapa mjini alikuja na begi mgongoni, akabonyezabonyeza, akatikisa kichwa.

"Diski ipo, dada. Mfumo ndio haupo. Tupige window tu."

Kwa mafundi wetu, kupiga window ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, na ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta nzito, piga window. Printa imekwama, piga window.

"Na vitu vyangu vya humo?"

"Hivyo vitapotea, lakini mashine itakuwa nyepesi sana."

Nilimshukuru, nikamfungulia mlango.

Fundi wa pili yuko Ruangwa na anasifiwa. Nilimtumia picha ya kioo kwa simu. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake pikipiki zikiunguruma na watu wakicheka. "Hapo, dada yangu, ni window tu. Kwani hukuweka nakala pembeni?" Nikaweka simu mezani. Mtu anayeuliza swali hilo wakati kama ule hahitaji jibu.

Nikaamua kuitibu mwenyewe. Nilibonyeza vitufe wakati inawaka mpaka nikaingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa mipangilio. Jina la diski lilikuwepo. Nilifurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu kwenye stendi ya ugenini. Sasa kama ipo, kwa nini mashine inasema haipo? Nikachomoa kila kilichochomekwa mbele, nikakirudisha, nikalipiga boksi kofi la kiasi. Mstari ule ule. Nikakaa chini nikalia, na sioni haya kusema. Niliogopa kwenda Mandawa mikono mitupu kumwambia mama kwamba nimemzika mumewe mara ya pili.

Mama alikuja Nachingwea Jumatano kununua mchele wa hitma. Sikumwambia kitu. Alikaa dukani akipumzika, macho yake yakaenda kwenye boksi la kompyuta, au tuseme kwenye kitambaa kilicholifunika. Alikifuma mwenyewe. Kwetu hakuna kitu cha umeme kinachokaa uchi. Redio, televisheni, friji, vyote vina vitambaa vya mama. Hiki alikifuma kabla hajaiona kompyuta, kwa hiyo mbele kilikuwa kifupi na nyuma kiliburuza mpaka chini. Fundi wa mjini mwenyewe alikikunja mbele tu, kwa adabu.

"Kichafu hiki," mama alisema. "Watu watakuja hitma, watakiona."

Hitma ilikuwa Mandawa na kitambaa kilikuwa Nachingwea. Kwa mama hilo halikuwa hoja. Akaligeuza boksi, akakivuta ili akifue.

"Na haka ka kijani ni nini?"

Ilikuwa flashi ya dereva mmoja wa bodaboda. Asubuhi ile ya mfumo mpya matundu ya mbele yalikuwa yamejaa, nikaichomeka nyuma kwa kupapasa chini ya kitambaa, nikaijaza mawaidha, nikaisahau. Mashine ilipojiwasha upya ilianza kutafuta mfumo humo, ikakuta mawaidha, ikakata tamaa. Nikaichomoa, nikawasha. Ikawaka.

"Mbona unalia?" mama akauliza.

"Vumbi la kitambaa," nikasema.

Ijumaa, watu walipokwisha kula na kuondoka, tulibaki mkekani mimi, mama na yule jirani mfugaji, aliyekuwa ameleta maziwa. Sauti nilikuwa nimeihamishia kwenye simu. Nikaiwasha.

"Andika," baba akasema. "Ng'ombe wameingia kwenye ufuta wangu. Usiandike wamepita. Wameingia."

Jirani akainamisha kichwa. "Kweli, mzee, waliingia," akasema.

Baba akawataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao. Kisha akasema niandike pia kwamba mwenye ng'ombe ni mtu mzuri, ana heshima zake, ila mifugo yake haikufundishwa. Jirani alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. Mama hakulia. Alikaa ameiinamia simu.

Mwishoni baba anauliza, "Umeandika?" Sauti yangu inajibu, "Naandika, baba." Anauliza tena, kwa ukali zaidi, "Umeandika?" Rekodi inakatikia hapo.

"Kaandika, na wewe!" mama akaifokea simu. "Mwache mtoto apumue."

Akaivuta simu karibu naye. Halafu akaniambia niiweke tena.