Pini Ngumu za Wekoye

Kuna mafundi, halafu kuna Wekoye wa Matisi, Kitale. Baiskeli ya bodaboda ikimpita inalia kwii, anakutajia ugonjwa wake bila kuinua kichwa. Fundi kabisa, msicheke. Shida yake ni kwamba hajawahi kuambiwa "ngoja" akangoja.

Desemba ya 2006 aliitwa ukweni, Kamukuywa. Shemeji yake Ian, waliyemzika mwaka uliotangulia, alikuwa ameacha lori la rimoti, kubwa kama paka aliyeshiba, alilouziwa na mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Kila Jumapili mama yake, Nabwile, aliliendesha uani, kitambaa cha kanisa bado kichwani. Lori hilo ndilo alilobaki nalo la mwanawe. Sasa pini zinazoshika mikono ya magurudumu ya mbele zilikuwa zimepinda, na gurudumu moja limelala chali.

Na kwa mila ya huko mkwe ni mkwe. Wekoye hawezi kumsemesha mama huyo, wala mama hawezi kumsemesha. Maneno hupita kwa Sellah, mke wa Wekoye, naye Sellah, baada ya kumkabidhi lori, akaenda zake sokoni.

Wekoye akachomoa pini. "Spoki! Ati Ian aliweka spoki ya baiskeli!" Akacheka peke yake. Akatoa mfukoni biti mbili za drili, chuma kigumu hasa, akazikata, akazisugua, akazipachika. "Sasa hata trela ikanyage."

Jikoni sauti ya Nabwile ikaanza kumsemesha kuku.

"Wewe kuku, si kuna mtu anaweka chuma kigumu? Ian aliweka laini makusudi. Pini ikipinda unatia ingine. Mkono wa plastiki ukivunjika utautoa wapi, kuku?"

Wekoye alisikia kila neno. Akatabasamu. "Kuku wa huku wamesomea ufundi, bana," akajinong'oneza, akabonyeza rimoti.

Lori likafyatuka, likavuka uani, likagonga jiwe la ngazi. Ta!

Pini hazikupinda hata kidogo. Mkono ndio uliokatika, palepale kwenye tundu la pini, na kipande cha fremu kikang'oka nao. Akajaribu gundi. Ilishika mpaka alipoondoa kidole. Akazirudia zile spoki za Ian, akazigeuza mkononi. Tundu la kuzitia halikuwepo tena. Kitale nzima hakuna duka la vitu hivyo, na mzungu alishaenda kwao.

Neno "Pole, mama" lilimjia mdomoni. Kulisema ni kuvunja heshima. Kunyamaza nako, jamani! Akachungulia njia ya sokoni: mtu na punda wake, basi. Sellah hangerudi kabla ya jioni.

Jikoni sufuria ikawekwa chini polepole. Kisha akasikia pua ikipengwa kwenye leso, mara moja, halafu tena. Wekoye akabaki amechuchumaa, vipande mkononi, akiogopa hata kugeuza shingo.