Maksai, Torati na Jirani Yangu

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ifakara, na jioni nilifundisha dini watoto waliojiandaa kwa kipaimara. Shamba langu la mpunga lilipakana na la mama mmoja Mwislamu, aliyehamia kutoka Kidatu baada ya kufiwa na mumewe. Tulipopumzika tulipenda kulinganisha vitabu vyetu. Mimi nilijiona msomi.

Asubuhi moja nililima kwa maksai wa kukodi. Mmoja alikuwa amekonda, ana kidonda chini ya nira. Akasimama kwenye tope. Nikamchapa. Akasimama tena, nikamchapa pale pale penye kidonda.

"Mwalimu, mpumzishe," mama aliita kutoka upande wake. "Hata wanyama ni umma kama sisi. Kurani inatufundisha hivyo."

Vibarua wanne walikuwa wanatazama. Sikutaka kufundishwa na mwanamke mbele yao, nikajibu kwa sauti: "Torati inasema mtu kaumbwa kwa mfano wa Mungu, atawale wanyama wote. Kwenu ninyi mtu ni mtumwa wa Mungu tu, ndiyo maana mnajilinganisha na ng'ombe!"

Vibarua wakacheka.

"Kwetu mtu ni khalifa," mama alisema taratibu. "Ameachiwa dunia aitunze, na ataulizwa."

Nikainua fimbo. Kabla haijashuka, maksai akapiga magoti, akalala ubavu, pua ndani ya maji. Nilisimama kama gogo. Mama ndiye aliyeingia topeni na khanga zake, akamwinua kichwa, akawaamuru vibarua wafungue nira. Hakuna aliyecheka tena. Maksai alipona, ila mwenye maksai hao hakunikodisha tena.

Jumapili ile nilifungua Torati nikitafuta cha kumjibu mama. Nikakuta mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Nikakuta hata ng'ombe ameagizwa apumzike siku ya saba. Nilishayasoma hayo mara nyingi, kila mara nikiyapita haraka nifike kwenye kutawala. Na ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu.

Nilikwenda kwake.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Nisomee hapo penye ng'ombe."

Nikasoma. Akasikiliza hadi mwisho.

"Basi hatukuwa mbali," alisema, akanikaribisha uji.

Uji ulinishinda. Nilimdhalilisha mbele ya watu wanne, nikamwomba radhi tukiwa wawili. Vibarua wale niliendelea kukutana nao sokoni hadi nilipohamishiwa Mlimba, na sikuwahi kuwaambia neno.