Nilikula Sahani Moja na Mama Mkwe Bila Kumjua

Admin, jina langu libaki huko huko inbox, nakuomba sana. Likasi ni mji mdogo, mtu akikohoa mtaa wa Kamatanda jioni, asubuhi wanamuuliza mjini kama amepata dawa.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja. Nimezaliwa Likasi, ila kazi ya umeme ilinipeleka Lubumbashi. Napenda kula, sitaficha. Wenzangu wakirudi nyumbani wanasalimia ndugu. Mimi nasalimia masufuria kwanza, ndugu baadaye. Watu walinicheka, na mimi nilijicheka, mpaka wikendi iliyopita.

Wikendi hiyo nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa familia ya mchumba wangu. Naye ni wa Likasi, ila tulikutana Lubumbashi. Baba yake alifariki. Mama yake, niliyejua tu kwamba anafanya biashara, sikuwahi kumwona, na hilo si ajabu, maana kwao mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, na mkwe hagusi chakula cha nyumba ile mpaka siku familia itakapompikia rasmi. Kula sahani moja na mama mkwe ni mwiko mkubwa. Nilikuwa nalijua hilo vizuri, hata wazee wa kwetu waliishika desturi hiyo.

Nilifika Ijumaa mchana, utambulisho ukiwa kesho yake. Mvua ilikuwa inanyesha na njaa ilinishika. Badala ya kwenda moja kwa moja kwa baba yangu mdogo, nikaingia kwenye malewa moja nyuma ya soko, vile vibanda ambavyo akina mama wanapikia watu. Mwenye malewa, mama mnene mcheshi, akaniambia amebaki samaki mmoja tu wa ziwa Tshangalele, kwenye mchuzi wa karanga na ngai-ngai, yale majani machachu. Jamani! Nilipoonja nilifumba macho. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amekula.

"Minye? Tangu asubui niko napikia batu tu," akasema.

"Basi kuya tukule, mama. Siwezi kumaliza samaki ya mwisho minye peke."

Alikataa, nikang'ang'ania. Kwa ile mvua hakukuwa na mteja mwingine. Akanawa, akaketi, tukamega bukari, ule ugali wetu, kwenye sahani moja, naye akawa ananitolea miiba kama vile mimi ni mtoto wake. Nikamtania: "Mama, kama uko na binti, unipatie. Nitakuwa nakula hapa kila siku."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Binti iko, lakini bwana yake anakuya kesho. Umechelewa, papa!"

Na mimi nikacheka. Mungu wangu, nilicheka!

Jumamosi tuliketi sebuleni kwa akina mchumba, mimi na baba yangu mdogo upande huu, ndugu za marehemu upande ule. Chakula kikaletwa kwa wageni wote isipokuwa mimi, kama desturi inavyotaka. Kabla sufuria halijafunuliwa, pua yangu ilikuwa imeshajua. Nikajiambia harufu zinafanana, ngai-ngai ziko kila nyumba. Kisha nikasikia kicheko kutoka jikoni.

Mama mwenyewe akatokea mlangoni, kitenge kichwani, akapiga magoti kwa mbali kusalimia wageni. Macho yetu yakakutana. Akavuta kitenge usoni na kurudi ndani haraka.

"Muone heshima ya ule mama," baba yangu mdogo akanong'ona, anatafuna.

Halafu shangazi wa mchumba akasimama, kwa sababu kwao ni shangazi anayemuuliza mkwe kuhusu mwiko. "Mukwe, mbele ya bantu bote: haujakulaka ku mukono ya mama wa bibi yako?"

Jikoni hakuna hata kijiko kilichogonga. Nikasema hapana. Wakapiga makofi.

Jumapili mama alinipigia kwa simu ya jirani, analia. "Mukwe, nakuomba na Mungu, usiseme. Bandugu ba marehemu banatafuta tu sababu ya kunifukuza mu hii nyumba. Banasemaka malewa ni fasi ya kutafuta bwana. Bakisikia nilikula na weye sahani moja, njo mwisho yangu." Nikamwapia kwamba sitasema.

Lakini mchumba wangu, aliyebaki Likasi, anaona mama yake hali chakula wala halali usingizi, malewa ameyafunga na anataka ndoa isubiri. Jana akanipigia kwa hasira: "Ulimufanya nini mama yangu? Tangu akuone weye, iko analia tu. Sema!"

Nikamwambia aje Lubumbashi nimjibu ana kwa ana. Na shida siyo uongo peke yake. Mwiko huu una njia ya kuutakasa, ila lazima usemwe wazi mbele ya ndugu za marehemu. Usipotakaswa, mchumba wangu anaamini kabisa kwamba watoto wetu hawataishi. Mimi sijui kama naamini, lakini yeye anaamini, na ni yeye atakayebeba hizo mimba. Nikimwambia ukweli, atawaendea baba zake wadogo tutakaswe, na mama aliyenitolea miiba atalala nje kwa sababu nilimlazimisha ale. Nikinyamaza, namzalisha mwanamke ninayempenda ndani ya jambo analoliogopa kuliko kifo, naye hajui.

Ninawaomba ninyi mnaosoma, hasa akina mama wenye wakwe: mngemwambia nini huyu binti? Lakini msikawie. Anakuja kwangu leo kusikia jibu, na basi limeshatoka Likasi.