Njoo Mbele Unisalimie

Fundi wangu alikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote ya kazi: usimsalimie mgongoni. Ukifika asubuhi unazunguka meza, unasimama mbele yake, unasubiri ainue macho, ndipo unasema shikamoo. Siku yangu ya kwanza nilimsalimia nikiwa mlangoni, naye ameinama juu ya pampu ya maji. Akaendelea na pampu yake. Nikarudia mara tatu. Alipogeuka akanikuta nimesimama, alinirushia usoni kitambaa kilicholowa oili chafu.

"Mimi si mbuzi wa kuswagwa kwa nyuma," alisema. "Njoo mbele unisalimie."

Mji mzima wa Katesh ulimjua kwa kiburi hicho. Kwetu mtu asiyeitikia salamu ni mtu wa kuogopwa au wa kudharauliwa, na yeye walimfanyia yote mawili. Lakini wangezipeleka wapi mashine zao? Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu tulivyozoea kuviona kwenye mashamba ya ngano ya serikali tu vilianza kushuka kutoka Arusha juu ya keria za mabasi: pampu, jenereta ndogo, na misumeno ya mnyororo, ambayo sisi tunaiita chenso. Yeye alitoka kwenye mashamba hayohayo. Walimpunguza kazi, akaja mjini na spana zake na hasira zake.

Mimi nilitoka Masieda, binti wa miaka ishirini na miwili. Ada yangu ilikuwa maksai. Baba alikuwa na maksai wawili wa kulimia, akampa fundi mmoja, kwa makubaliano kwamba nikitimiza miaka mitatu ataniandikia barua ya kunipeleka kwenye mtihani wa ufundi. Bila barua hufanyi mtihani, na bila cheti hakuna atakayekuajiri. Maksai aliyebaki hakuweza kuvuta plau peke yake, kwa hiyo nyumbani walirudi kwenye jembe la mkono. Kila nilipokwenda likizo nilimkuta mama viganja vimepasuka. Aliniuliza tu, barua lini?

Kazi nilijifunza, sitadanganya. Chenso ina skrubu ndogo kwenye kabureta. Ukiikaza mno, mashine inakosa petroli, inalia kwa sauti nyembamba, na pistoni inaungua. Ukiilegeza mno, inazama kwa petroli na kuzima. Katikati pana mlio mnene wenye kugugumia kidogo, na huo huwezi kuupata kwa macho, unaupata kwa sikio. Alinipa bisibisi, akakaa mbele yangu, akanikodolea macho usoni mpaka nilipomaliza. Nilidhani ananifundisha. Chenso ya kwanza iliporudi na pistoni imeungua, aliukamata mkono wangu akaubana kwenye ekzosi ya moto, mbele ya wateja. Kovu ninalo mpaka leo. Wateja walicheka, mmoja akasema, binti kama huyo bora angebaki kupika.

Miaka mitatu ikaisha. Nikaomba barua.

"Hujaiva," alisema.

Nikakaa miezi sita, nikaomba tena. Hujaiva. Wakati huo hakuna mashine iliyotoka pale bila mkono wangu, naye alikuwa akiwaambia wateja ameirekebisha mwenyewe. Mkoa wetu ulikuwa umekatwa kutoka Arusha, watu wakisema mambo yote sasa yako Babati, karibu kabisa, hata mtihani. Ukaribu huo ulinisaidia nini?

Ndipo alasiri moja ikanyesha mvua ya mawe. Bati lilipigwa hadi tukawa tunaonana midomo ikifunguka tu, hakuna anayemsikia mwenzake. Mteja mmoja alikuwa akimweleza fundi habari za pampu yake. Mimi niliyekuwa kando ya mteja sikuambulia neno. Fundi, ng'ambo ya meza, alimjibu kila kitu kwa sauti yake ya kawaida, bila hata kusogeza shingo. Nikabaki nimeshika spana. Alikuwa anasoma midomo. Yule mzee alikuwa kiziwi, mashine za serikali zilishamla masikio zamani, na kiburi chote kile kilikuwa pazia. Fundi mwenye kiburi bado anapata kazi. Fundi kiziwi nani atampa chenso yake?

Na masikio yake yalikuwa mimi. Ndiyo maana sikuiva.

Sikumhurumia hata chembe, nilifura. Kesho yake nilizunguka meza, nikamwamkia, nikamwambia polepole ili asome vizuri: "Fundi, najua husikii. Niandikie barua yangu, sitamwambia mtu."

"Baba yako alileta maksai," alisema, "hakuleta mtu wa kunitisha. Utakaa hapa mpaka uzeeke."

Basi, potelea mbali. Nikasubiri siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Akaja mpasua mbao mmoja kutoka Gendabi na chenso tatu na vibarua wake, wakajaa bandani. Fundi aliinama kusafisha plagi. Nilisimama nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shikamoo, fundi. Banda linaungua."

Akaendelea kusugua plagi.

"Mzee kiziwi," nikaongeza, "banda linaungua moto."

Kibarua mmoja alianza kucheka, wengine wakafuata. Fundi aliona mabega yao yanatikisika. Akageuka, akanikuta nyuma yake, akazitazama sura zote, akawa anatafuta. Kisha akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema kwa upole, "Marahaba."

Walicheka hadi machozi yakawatoka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mpasua mbao aliuliza ni nani basi aliyekuwa akipima mlio wa mashine zake. Nikasema ni mimi. Akazibeba zote tatu akaondoka. Asubuhi iliyofuata nilikuta karatasi mezani: *Amekaa kwangu karibu miaka minne. Kazi anaiweza. Masikio anayo.* Chini, sahihi yake. Niliikunja nikaenda zangu bila kuaga.

Nilifaulu, nikafungua banda langu. Mashine zikanifuata, na banda lake likafungwa. Alikuwa anakaa nje kwenye kigoda, na watu wakafanya mchezo wa kupita nyuma yake wakimwamkia, waone kama ataitikia. Nami nilipita nyuma yake mara nyingi, miaka mingi. Sikuzunguka mbele hata mara moja, mpaka walipomzika.

Sasa chenso zimenila na mimi. Sikio la kushoto lilianza, la kulia likafuata. Nina binti mmoja wa Yaeda Chini anayejifunza kwangu, mwenye masikio makali, naye ndiye anayegusa skrubu. Mwaka jana aliniomba barua, nikamwambia hajaiva. Nimempa sharti la kunisalimia kwa mbele.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeinama juu ya pampu, nikainua macho, nikaona mabega ya wateja yanatikisika. Nikageuka. Binti alikuwa nyuma yangu, mdomo ameshaufunga, ananitazama.

"Marahaba," nikasema.