Gari Tupu la Kalinga Linakunywa Kuliko Lililobeba Mzigo

Mhudumu wa sheli anataka kuchomoa mpira, lakini Liberatus Kalinga anamwashiria kwa kidole aongeze. Petroli inapanda hadi shingoni mwa tenki, inatoa povu, inatulia. Ndipo dereva huyu wa miaka hamsini na minane anafunga kifuniko na kupanda garini.

"Leo niko kwenye mtihani," anasema. "Kesho asubuhi inajazwa tena hapahapa, bosi akiwepo, ijulikane imekunywa kiasi gani."

Gari lenyewe ni pikapu kubwa ya silinda nane, ambayo hapa Mbeya watu bado hugeuka kuitazama. Makaratasi yake yanasema lita moja inaisogeza kilomita nane. Kalinga hucheka akitajiwa hiyo nane. Walioiandika, anasema, hawajawahi kupakia mota ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, wakaipandisha mlima wa kwenda Chunya.

"Ukibana mguu haipandi, ukikanyaga inakunywa," anamwambia mwandishi aliyeketi kando yake, gari likikata kona za Kawetere, ukungu umelalia misonobari. "Inabidi uibembeleze."

Kubembeleza anakujua. Akiwa na mzigo, hupata kilomita tano kwa lita, na madereva wenzake humvulia kofia. Tatizo ni kurudi. Gari likiwa tupu, jepesi, linampa nne.

Hesabu hiyo imemkalia vibaya. Fundi amekagua mabomba na plagi, hakuna kinachovuja. Sekela Anyelwisye, mfanyabiashara wa vipuri vya makarasha mwenye gari hilo, amefikia mwisho wa uvumilivu.

"Sijamwita mwizi," anasema Sekela kwa simu. "Nilimwambia, baba Lea, mafuta hayapai. Nionyeshe yanakokwenda. La sivyo gari nauza, na sisi tunaagana kwa amani."

Chunya wanampokea kwa utani. Wachimbaji wanne wanashusha mota huku wakimwuliza kama gari lake limeshiba au waliongezee uji. Kalinga anacheka nao mpaka anafuta machozi. Kisha kila mtu anarudi kwenye vumbi lake, naye anabaki anakunja turubai polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Safari ya kurudi Mbeya inaanza, gari likiwa tupu. Mkewe, Devota, alifariki mwaka juzi. Binti yao, Lea, anafundisha shule Iringa na humpigia kila Jumapili baada ya ibada.

"Ananiambia baba njoo tukae wote. Nikakae kwa mkwe wangu, nifanye nini? Nihesabu vifaranga?"

Anaendesha kistaarabu. Hakimbizi, hapiti mahali kuchepusha dumu la petroli. Wanaingia Mbeya jua likiwa bado lipo, na mshale wa mafuta hauna neno. Mpaka hapo gari halijaiba kitu.

Mtaani Soweto, humohumo Mbeya, mbele ya geti la bati la rangi ya kijani, Kalinga anasimama. Hapigi honi wala hazimi gari. Injini inaunguruma, kuku wa jirani wanapita, kivuli cha ukuta kinarefuka. Mwandishi anamwuliza wanamsubiri nani.

"Hakuna mtu," anasema.

Anaweka mikono juu ya usukani.

"Devota alikuwa hangoji honi. Alikuwa anaijua hii gari kwa mlio, toka kule kona ya kanisani. Nikifika hapa, geti linafunguka. Sasa nikifika nakaa kidogo. Kidogo inakuwa saa nzima, siku nyingine inazidi. Nikizima, basi, nimefika kwenye nyumba isiyo na mtu."

Kwa hiyo alijua muda wote mafuta yanakokwenda. Kwa nini hakusema?

"Nimwambie nini bosi? Kwamba nachoma petroli yake getini namngoja marehemu? Bora anione mwizi. Mwizi anaeleweka."

Ila leo kuna jambo jingine linalomsumbua. Akilizima gari mapema, kesho hesabu itatoka nzuri, na hapo Sekela atakuwa na haki ya kusema mwizi ameogopa. Akiliacha liungurume, atafukuzwa. Kalinga anatikisa kichwa, anatabasamu kwa uchungu.

"Nitamwambia tu. Palepale sheli, kabla hawajajaza. Akicheka, acheke."

Anazima. Kimya kinachoingia garini ni kizito, hata mwandishi anatamani injini iwashwe tena. Kalinga anashuka, anafungua geti mwenyewe, kwanza upande mmoja, kisha wa pili.

Ndani, chumba cha mbele kinanuka chokaa mbichi. Amekipaka wiki hii na kuweka kitasa kipya. Anatafuta mpangaji: mwanafunzi, mwalimu, mama mwenye watoto, hata wenye kelele.

"Kodi tutaelewana," anasema akisimama mlangoni. "Ila awe anasikia gari ikija."