Swichi ya Shaba na Upepo wa Kwetu

Miaka ile ya hamsini ziwa la Nakuru lilikauka. Kila mchana upepo ulipoamka uliinua vumbi jeupe la magadi kutoka kule chini, ukalimwaga mjini. Lilifunika mabati, nguo kwenye kamba, hata unga kwenye sinia. Jua lenyewe lilipauka. Nilikuwa nikikaa mlangoni kwangu landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, nikitazama watu wakipita katika weupe ule, wanaonekana, wanapotea, wanaonekana tena, na mara nyingi sikujua kama niko macho au nimesinzia.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu, fundi wa stima, yaani umeme, katika reli, alikuwa amenitoa kwetu kando ya ziwa kubwa, upande wa Kisumu, akanileta kwenye mji huu wa baridi na vumbi. Kabila lake lilikuwa lingine na langu lingine, kwa hiyo lugha ya ndoa yetu ilikuwa Kiswahili, nacho wakati huo hatukukijua sana. Tukigombana tulikosa maneno, tukanyamaza. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilitaka kurudi kwetu, na sikumficha. Nilimwambia mwezi ukiisha nitapanda gari la moshi, na kama nitarudi au sitarudi, mimi sijui.

Jumamosi moja mume wangu akaingia na feni begani, mapanga yake yamefungwa kwa kamba ya katani.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Wewe kila siku unalilia upepo ya kwenu," akasema. "Nimekuletea upepo."

Aliipata katika ofisi moja kuukuu iliyokuwa ikibomolewa mjini, pamoja na swichi yake ya zamani, ya mviringo, yenye kifuniko cha shaba. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani anatundika feni Nakuru, mahali ambapo watu wanalala na sweta? Mume wangu aliitundika hivyo hivyo, akabonyeza swichi, na feni ikanguruma bila kuzunguka.

Alikuwa na desturi yake ya kazi. Kitu kikikataa, hakuanza na kitu chenyewe. Kwanza alitazama balbu ya chumba: inawaka, basi stima imefika. Kisha akafungua swichi, akapima kwa balbu ndogo yenye nyaya mbili aliyotembea nayo mfukoni: inawaka, basi swichi inapitisha. Hapo ndipo alipoishusha feni, akaifungua juu ya gunia, akakuta grisi imeganda pamoja na magadi. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akatia mafuta mapya, akairudisha darini.

Ikazunguka. Nililala mkekani chini yake mchana ule, nikafumba macho, nikasikia matete ya kwetu yakisuguana. Nilisikia mbuzi wa mama yangu. Kivuli cha mapanga kilipita usoni kwangu, kikarudi, kikapita, na sikutaka mtu yeyote aniamshe. Nilimpenda sana mume wangu siku hiyo, nasema wazi.

Halafu swichi ikaanza kuniuma.

Kwetu nyumba hupanguzwa alfajiri, kabla mgeni hajabisha. Sakafu, milango, kuta, kila mahali mkono unapofika, kwa kitambaa kilicholowa maji. Ndivyo nilivyofunzwa na mama yangu, na kwa vumbi lile la Nakuru nilizidisha. Kifuniko cha shaba nilikisugua kuliko vitu vyote, kwa sababu kilikuwa cha zawadi yangu. Asubuhi moja nikapanguza, nikabonyeza niwashe, na kitu kikanishika mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikaanguka kitako.

Jioni mume wangu aliporudi kazini nikamwambia. Akatazama balbu. Akafungua swichi. Akapima. Akagusa kifuniko kwa kiganja chake chote, akaacha mkono hapo, ananitazama.

"Iko sawa. Hakuna kitu."

Kesho yake asubuhi ikaniuma tena. Akabadilisha nyaya. Ikaniuma. Akafungua soketi iliyokuwa chini yake, akakaza skrubu za ndani, akarudi kwa swichi, akagusa, akatikisa kichwa. Kila kitu katika nyumba ile alikiuliza, isipokuwa mimi.

"Unaogopa stima tu," akasema. Na siku nyingine, akiwa amechoka, akasema neno baya zaidi: "Ama unatafuta sababu ya kwenda?"

Iliniuma kuliko swichi. Nikachukua nguo zangu zote, nikazifunga katika furushi moja gumu, nikaliweka nyuma ya mlango mahali atakapoliona kila akiingia. Feni nikaacha kuiwasha. Mchana nililala tu chini yake ikiwa imesimama, vumbi jeupe likitua juu ya mapanga, na katika usingizi ule mwepesi niliiona nyumba yenyewe imenipa kisogo. Niliamini imenikataa. Inamwacha mwenyewe aiguse atakavyo, mimi mgeni inanifukuza.

Siku ya safari ilifika na manyunyu, ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Nguo alizofua mume wangu zilikuwa zimelowa kwenye kamba. Nilipanguza nyumba kwa mara ya mwisho, kwa hasira, maji yakitiririka ukutani, maana sikutaka mtu aseme nimeacha uchafu. Yeye alikuwa ameomba ruhusa kazini anisindikize stesheni. Alipofika mlangoni akaona sakafu inang'aa, akasimama. Siku zote aliingia na buti zake. Siku hiyo alizivua akaziacha nje.

"Wacha upepo yako ikuage," akasema, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Alipiga kelele kwa lugha ya mama yake, neno ambalo mpaka leo hajanitafsiria, akarushwa hadi kitandani. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, nimeshikilia mlango. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameduwaa, anatazama miguu yake mitupu, halafu yangu, mitupu kama siku zote, halafu kitambaa mkononi mwangu kinachodondosha maji.

"Hivi ndio inakushika?"

"Hivyo."

"Kila asubuhi?"

"Nilikuambia."

Akakaa chini kwenye maji yale yale.

"Mimi naguza na buti ya raba," akasema polepole. "Na ni jioni, kumekauka. Haiwezi nishika." Akapanguza uso. "Pole. Ulisema, na sikukuamini. Pole sana."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kuliko nilivyongoja gari la moshi. Akainuka, akazima stima yote kwenye swichi kubwa karibu na mlango, akafungua kile kifuniko. Ndani magadi yalikuwa yameganda pande zote, yamelowa, na maji ya kitambaa changu yalikuwa yameingia kwenye mwanya wa shaba.

"Ona. Hii magadi ikikauka, imelala. Ikikunywa maji inapeleka stima mpaka hapa kwa kifuniko. Leo natoa hii shaba, naweka ya mbao. Nipe kitambaa kikavu."

Nikatazama huku na huku. Matambara yote yalikuwa yamelowa. Taulo, imelowa. Nguo za kwenye kamba zilikuwa zinanyeshewa. Nguo kavu katika nyumba ile zilikuwa mahali pamoja tu, na nikaona macho yake yamefika pale kabla yangu, nyuma ya mlango. Kutoka stesheni gari la Kisumu lilipiga honi.

Nikapiga magoti. Fundo nilikuwa nimelikaza mwenyewe, likakataa vidole, nikalifungua kwa meno. Juu kabisa ilikuwa leso mpya niliyoiweka nivae nikifika kwa mama yangu.

"Lakini hii ni mpya," akasema.

"Panguza," nikamwambia.